Bromokriptini, kabagolini au kuyaacha maziwa yakauke yenyewe: kipi ni salama zaidi kwa kichwa chako

Naandika hii kwa mwenzangu ambaye sasa hivi ana pakiti ya dawa mkononi, matiti yameanza kujaa, na hajui ameze au asimeze. Sababu za kutaka kukausha maziwa ziko nyingi na hakuna hata moja inayokudai ujieleze kwa mtu, kuna aliyepoteza mtoto, kuna anayeanza dawa za saratani, kuna aliyeshauriana na daktari wakaona kwa hali yake asinyonyeshe, na kuna aliyeamua tu. Mimi nilikuwa huyo wa kwanza.

Mtoto wetu alizaliwa hana uhai mimba ikiwa na miezi minane, na hakuna aliyeniambia kwamba maziwa hayajui mtoto hayupo. Siku ya tatu nimeamka shuka limelowa kifuani na matiti magumu kama mawe. Nesi akanipa bromokriptini, kidonge kimoja asubuhi kimoja jioni, siku 14, umeze ukishakula, basi. Presha hakunipima, wala hakuniuliza kama ujauzito ule ulikuwa na presha, na mwezi wa mwisho mimi nilikuwa namezeshwa vidonge vya presha na miguu imevimba hadi viatu haviingii.

Siku ya pili ya dawa nainuka kitandani niende chooni, ukuta ukasogea, nikashika kitasa cha mlango kikaniponyoka, dadangu ndo akanidaka. Hiyo nikaambiwa kawaida, na kweli ni kawaida nitaeleza mbele. Siku ya sita kikaja kichwa. Kilikaa kisogoni kinadunda bila kupumzika, panadol haikukigusa, na nikimtazama dadangu upande mmoja wa uso wake siuoni, pembeni ya macho kuna kitu kinametameta kama maji juani. Tukarudi hospitali, presha 170 kwa 110, dawa ikasimamishwa palepale nikalazwa siku nne. Nilipona, degedege sikupata, lakini tangu siku hiyo nimesoma hizi dawa kama mtu anayetafuta deni lake, na nilichojifunza ndicho hiki.

Kwanza uelewe kwa nini dawa ya matiti inagusa kichwa. Maziwa yanatengenezwa kwa amri ya homoni inaitwa prolaktini, inatoka kwenye tezi ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo, na kinachoizuia hiyo homoni kawaida ni dopamini. Bromokriptini (wengi wanaijua kwa jina la Parlodel) na kabagolini (Dostinex) zote mbili zinaiga dopamini, zinakaa mahali pake, prolaktini inashuka, maziwa yanakata. Shida ni kwamba dopamini kwenye ubongo ina kazi nyingi, inahusika na mwendo wa mwili, usingizi, kichefuchefu, mpaka namna akili inavyotofautisha kilichopo na kisichokuwepo. Ndo maana dawa hizihizi zimetumika pia kutibu ugonjwa wa Parkinson. Halafu zote mbili asili yake ni ergoti, yaani kemikali za kuvu anayeota kwenye masuke ya nafaka, na ukoo huo wa dawa unajulikana kwa kuchezea mishipa ya damu. Kwa hiyo madhara ya kichwani yana milango miwili, mmoja wa dopamini (usingizi, kuchanganyikiwa, kuona vitu) na mwingine wa mishipa ya damu (presha kushuka, au mara chache sana presha kupanda na mishipa ya ubongo kubana). Ukishika hiyo milango miwili, mengine yote yanaeleweka.

Sasa bromokriptini. Ndiyo ya zamani, ndiyo iliyozoeleka, na dozi yake ni miligramu 2.5 siku ya kwanza halafu miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, wiki mbili nzima. Madhara ya kila siku ni kichefuchefu, kichwa kuuma, kizunguzungu ukisimama ghafla, na usingizi mzito, wengine unawashika ghafla bila hodi kwa hiyo kuendesha gari hapana. Hayo yanavumilika. Yasiyovumilika ni machache lakini ndiyo yaliyoipa hii dawa jina baya: degedege, kiharusi, presha kupanda vibaya, mshtuko wa moyo, na kurukwa na akili, kwa wanawake waliojifungua juzi tu na wengine hawakuwa na ugonjwa wowote unaojulikana. Kwa baadhi ya waliopata degedege au kiharusi kulitangulia kichwa kikali kisichoachia au macho kufanya mawenge, na hapo ndipo mimi nikisoma mwili unasisimka, maana ndiyo siku yangu ya sita hiyo.

Marekani mamlaka yao ya dawa, FDA, mwaka 1989 iliwaambia watengenezaji waache kabisa kuuza dawa zozote kwa kazi ya kukausha maziwa, mtengenezaji wa Parlodel akaendelea mpaka 1994 ndo akaondoa hayo matumizi, na mwanzoni mwa 1995 kibali cha kazi hiyo kikafutwa rasmi. Dawa yenyewe imebaki kwa magonjwa mengine. Ulaya hawakuifuta ila 2014 waliibana: isitumike kama desturi kwa kila anayetaka kukausha, iwe kwa sababu nzito za kiafya kama kufiwa na mtoto, asipewe mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo wala mwenye historia ya ugonjwa mkubwa wa akili, na presha ipimwe hasa siku za mwanzo. Mimi sababu nzito nilikuwa nayo, ila hayo mengine mawili, presha na kupimwa, ndiyo yaliyorukwa.

Tuje kwa kabagolini. Tofauti yake ya kwanza unaiona kwenye pakiti: kama maziwa bado hayajaanza, ni miligramu 1 tu, vidonge viwili vya nusu miligramu unameza mara moja ndani ya siku ya kwanza baada ya kujifungua, umemaliza. Kama maziwa yameshatoka na unanyonyesha tayari, inagawanywa, robo miligramu kila baada ya saa 12 kwa siku mbili, jumla inafika miligramu 1 ileile, na usimeze yote kwa mpigo kwa sababu anayenyonyesha tayari presha inaweza kumshuka akadondoka. Wifi yangu alipewa hii, akatembea nayo vizuri, akalala sana siku ya kwanza na kichwa kikamuuma kidogo, ikaisha.

Kuna utafiti ulifanyika Ulaya ukatoka 1991 kwenye jarida la BMJ, wanawake 272, nusu wakapewa kabagolini dozi moja na nusu bromokriptini siku 14. Kwenye kuzuia maziwa kabagolini haikuzidiwa, waliolalamika madhara walikuwa wachache zaidi upande wake, na maziwa kurudi baada ya kumaliza dawa kulitokea zaidi upande wa bromokriptini. Kwa wanaomeza ile miligramu 1 ni kama 14 kati ya 100 wanaopata madhara yoyote, na mengi ni madogo ya kupita: presha kushuka, kizunguzungu, kichwa.

Lakini kuna kitu kwenye kabagolini ambacho sipendi kinavyopitwa haraka. Inakaa mwilini muda mrefu sana. Inachukua siku mbili na nusu hivi, wengine zaidi, mpaka nusu yake tu itoke, na nguvu yake ya kuzuia prolaktini kwa mama aliyejifungua inafika siku 14 hadi 21. Maana yake ni mbili. Kushuka kwa presha mara nyingi hakuji siku umemeza, kunakuja kati ya siku ya pili na ya nne, wakati ambapo umeshasahau dawa, uko bafuni peke yako umeinama unaoga. Na pili, ukipata tatizo huwezi kuisimamisha, imeshaingia. Bromokriptini mimi niliisimamisha siku ya sita na baada ya siku chache kichwa kikaanza kunipa nafasi, ningekuwa nimemeza kitu cha kukaa wiki mbili sijui ningekuwaje. Kwa hiyo ule urahisi wa dozi moja ni faida kwa mwenye afya na ni mtego kwa ambaye hakupimwa kabla.

Na hapa ndipo wengi wanateleza, wanadhani kabagolini ni bromokriptini isiyo na hatari. Kwa uzito wa madhara ya kawaida ni nyepesi kweli, ila wasiotakiwa kuigusa ni karibu walewale: mwenye presha isiyotulia, aliyepata presha au kifafa cha mimba, aliyewahi kurukwa na akili baada ya kujifungua au anayeelekea huko, mwenye matatizo ya vali za moyo au makovu kwenye mapafu, na mwenye mzio wa dawa za ukoo wa ergoti. Kama uko humo usihangaike kuchagua kati ya hizi mbili, zote mbili zikae pembeni.

Mlango wa akili nao uchukuliwe kwa uzito wake. Wiki za kwanza baada ya kujifungua zenyewe ndizo wiki ambazo mwanamke ana hatari kubwa ya kuugua akili, uwe umetumia dawa au hujatumia, sasa ukiongeza dawa inayoiga dopamini kwa mtu mwenye baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), au aliyewahi kusikia sauti, unaongeza mafuta kwenye moto. Na kama anatumia dawa za akili inakuwa kuvutana, maana nyingi kati ya hizo zinafanya kazi kwa kuziba dopamini na hii inafungua. Kwa aliyefiwa na mtoto ni vigumu zaidi kujua, watu wanasema ni majonzi, muacheni. Majonzi yanamfanya mtu alie, akose hamu ya kula, ashindwe kulala. Mtu kukaa usiku mzima macho na hachoki, anaongea haraka vitu visivyoungana, anashuku waliomo nyumbani, anasema anamsikia mtoto akilia chumba cha pili na anakwenda kumchukua, huyo apelekwe hospitali usiku uleule, na dawa mbebe mkaionyeshe.

Njia ya tatu ni kutotumia dawa yoyote ya kukausha, na naomba usiione kama njia ya walionyimwa. Maziwa yasipotolewa mwili unapunguza wenyewe. Siku ya tatu hadi ya tano ndiyo kilele cha maumivu, baada ya hapo yanalegea, na wengi ndani ya wiki moja mpaka mbili wamemaliza ingawa matone yanaweza kuendelea kidogo. Kinachofanyika ni hiki: sidiria inayoshika vizuri usiku na mchana bila kubana, kitambaa baridi juu ya titi kwa dakika 10 au 15, panadol au ibuprofeni kama huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo, usiache maji ya moto yapige kifuani ukioga, na titi likikaza mpaka huwezi kuvumilia kamua kidogo kwa mkono, kidogo tu ya kupunguza ukali, ukilimaliza mwili unaelewa mtoto amekula na unaleta lingine. Kufunga kifua kwa kitambaa na kukaza hakusaidii, kunaongeza maumivu na mirija inaziba. Majani ya kabichi baridi wengine wanayapenda, weka kama yanakutuliza. Kwa aliyekuwa ananyonyesha kwa miezi, apunguze nyonyesho moja kila siku chache, asikate ghafla.

Kwa upande wa kichwa njia hii yenyewe haileti degedege wala kuona vitu, ingawa hatari za kujifungua kwenyewe zinabaki palepale. Bei yake ni maumivu ya siku kadhaa, na titi likiwa jekundu, la moto, na homa juu, hiyo ni mastaitisi, yaani uvimbe wa titi, na inataka kuonwa na daktari. Halafu kuna maumivu ya namna nyingine ambayo siwezi kuyafunika, kulowa maziwa ukiwa huna mtoto ni kitu kizito, na ninamwelewa kabisa anayesema nipe kidonge nisione hata tone moja. Hiyo ni sababu halali, ila iwe baada ya presha kupimwa.

Kuna na vingine utasikia vikitajwa. Estrojeni, sindano au vidonge, ilitumika sana zamani, ikaachwa kwa sababu inagandisha damu, na mwanamke aliyetoka kujifungua damu yake tayari iko rahisi kuganda, bonge likikaa kwenye mshipa wa ubongo ni janga, kwa hiyo hapana. Vitamini B6 kwa dozi kubwa inasifiwa lakini ushahidi wake ni dhaifu, na ukiitumia dozi kubwa kwa muda mrefu inaharibu neva, unaanza na ganzi na kuchomachoma miguuni. Sudoefedrini, ile ya kuzibua pua, kwenye utafiti mdogo wa wanawake 8 dozi moja ya miligramu 60 ilipunguza maziwa kwa robo hivi kwa siku, lakini inapandisha presha na kuleta mapigo ya moyo na kukosa usingizi, na ukiichanganya na bromokriptini umebananisha mishipa kutoka pande mbili.

Kuchanganya dawa nako ni hatari ya kimyakimya. Mweleze daktari kama ulichomwa dawa ya kuzuia damu isitoke nyingi baada ya kujifungua, ergometrini ni ukoo uleule wa ergoti. Mweleze kama unameza erithromisini au klarithromisini kwa ajili ya maambukizi, zinafanya dawa hizi zijae mwilini kupita kiasi. Kama una kipandauso na unatumia triptani, taja. Na kichefuchefu cha bromokriptini usikitibu kwa metoklopramidi, inaziba dopamini ileile unayoitafuta na maziwa yanarudi, umeumia bure.

Kichwa chenyewe sasa, kwa sababu kila aliyejifungua kichwa kinamuuma kidogo na huwezi kukimbilia hospitali kila saa. Kinachouma ukikaa au kusimama na kinaacha ukilala chali, na ulichomwa sindano ya mgongo, mara nyingi ni ile sindano, sema lakini usiogope sana. Kinachokuja polepole jioni baada ya kukosa usingizi na kinasikia panadol, pumzika. Ila kinacholipuka ghafla kikafika kileleni ndani ya dakika moja kama radi imekupiga, kile kisichoachia siku nzima, kile kinachokuja na macho kufifia au kumetameta, mkono kufa ganzi, ulimi kuwa mzito, mdomo kwenda upande, shingo kukaza, au maumivu makali chini ya mbavu kulia, hicho usisubiri asubuhi. Acha dawa, nenda, na sentensi ya kwanza mlangoni iwe "nimejifungua siku kadhaa zilizopita na natumia dawa ya kukausha maziwa", kwa sababu ukisema tu kichwa kinauma utakaa kwenye benchi. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya mtoto kutoka, wengi hawajui hilo, mimi sikujua.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ndiye nachagua upya, au mdogo wangu ananiuliza, ningeenda hivi. Kama presha iliwahi kupanda kwenye ujauzito, au moyo una shida, au akili iliwahi kuyumba, bila dawa, na maumivu tuyatulize kwa njia nyingine, hapo sibishani. Kama una kipandauso kikali mpaka macho yanaona vimulimuli, ningeegemea bila dawa pia, au kabagolini kwa daktari aliyekaa akakusikiliza. Kama uko mzima, presha imepimwa leo na iko sawa, na unataka kweli yakauke, kabagolini, siku ya kwanza, dozi moja. Bromokriptini ningeiacha iwe ya mwisho kabisa, pale kabagolini haipo na sababu ni nzito, na hata hapo kidonge kisizidi miligramu 2.5 kwa mara moja na presha ipimwe mara kwa mara hasa siku za mwanzo. Mwenye mtoto mzima mwenye afya ambaye bado anajiuliza kama atataka kunyonyesha baadaye, asiguse kabagolini mpaka aamue, ile wiki mbili mpaka tatu hairudishwi kirahisi.

Na kama umeshaimeza tayari kabla ya kusoma hapa, usijilaumu, wengi wako salama. Siku ya pili mpaka ya nne inuka kwa hatua, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa chini, hesabu mpaka 30, ndo usimame. Mlango wa bafu usiufunge kwa ndani. Usiendeshe gari. Tafuta mahali pa kupima presha kila siku kwa wiki hiyo uandike namba, ikifika 140 kwa 90 rudi kwa aliyekupa dawa siku hiyohiyo, ikifika 160 kwa 110 usirudi nyumbani kuchukua nguo, nenda moja kwa moja, na mtu mmoja pale nyumbani umwambie leo hii jina la dawa uliyomeza na saa uliyoimeza.